Gaudencia Akeyo, Aliyekataa Kuzima Ukaguzi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Gaudencia Akeyo, mkuu wa kitengo cha majaribio ya programu katika ofisi yetu ya Malaba, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Mwenyewe ametuonya kwamba hataki kusikia kilio wala hotuba ndefu. Basi kilio tutajitahidi kukizuia, lakini sifa zake atazisikia, apende asipende.

Alianza mwaka 1994 akiwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya Busia, enzi ambazo karatasi za forodha zilirundikana mezani hadi usimwone mwenzako. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliiogopa wakamwachia. Akajifunza mwenyewe, kisha kampuni ikampeleka chuo, akarudi na stashahada, baadaye shahada, na maswali ambayo wakubwa hawakuyapenda. Kwingine angehamishwa. Hapa walimpandisha cheo, na kwa hilo tunawapongeza.

Mgeni wa ofisi yetu humsikia Mama Gaudencia kabla ya kumwona. Ana kicheko cha kutikisa vikombe na hasira ya dakika mbili. Mteja akilalamika, na mmoja wetu akathubutu kusema, "Lakini mama, kwa kompyuta yangu inafanya kazi," adhabu yake ni kununulia ofisi nzima mandazi. Protus, anayeandika programu zetu, ametulisha miaka na miaka. Hatumwonei huruma, maana hadi leo hajakoma.

Lakini kama kuna jambo litakalosimuliwa hapa akishaondoka, ni lile la mwezi Machi mwaka huu.

Tulikuwa tumetengeneza mfumo mpya ambao mawakala wa forodha wangetumia kutoa mizigo katika vituo vya mpakani vya Busia na Malaba. Kompyuta ya kila wakala hubeba cheti cha kidijitali, na mfumo hukikagua kabla ya kumruhusu kuingia, kama askari wa geti anavyodai kitambulisho. Kabla ya uzinduzi, mteja alitaka tuufurikishe mfumo kwa mawakala wa kubuni, wengi kuliko watakaokuja siku yoyote ya kweli, aone kama utasimama. Makao makuu nayo yalishasema bila kuficha: jaribio likishindikana, kazi inahamia Nairobi na ofisi ya Malaba inafungwa. Wengi wetu tumejenga hapa. Watoto wanasoma hapo jirani, Amagoro. Hebu fikiria tulivyoanza siku hiyo.

Mawakala wachache wa kubuni walipita bila shida. Tulipoongeza idadi, mfumo ukaanza kukataa. "Cheti si halali," ulisema, na hapo ukanyamaza. Tukipunguza, unakubali. Tukiongeza, unakataa tena. Protus akaulaumu mtandao, nao ulikuwa mzima. Sylvia, mtunzaji wa seva, akashuku kwamba saa ya seva mojawapo iko nyuma na inaona cheti hakijaanza kutumika. Saa zote zilikuwa sawa. Muda wa cheti ulikuwa bado haujaisha, na sahihi yake haikuwa na kasoro.

Ndipo Bwana Omolo, meneja aliyetumwa kutoka makao makuu kushuhudia, akaja na dawa yake: tuzime ukaguzi wa vyeti kwa jaribio hilo tu, tupate matokeo mazuri, tuuwashe baadaye. Tusidanganyane, wengi wetu tulitamani mama aitikie. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Boss," alisema, "nikipima mlango ukiwa wazi, hiyo kufuli nitakuwa nimeipima saa ngapi? Heri niandike tumeshindwa."

Alikuwa ameziweka kazi zetu zote hatarini, na yake ikiwamo, ilhali alikuwa amebakisha miezi tu apumzike. Alilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Kisha akaugeuza uchunguzi. Alisema cheti tumekiangalia mpaka kimechoka, sasa tumwangalie anayekibeba. Jibu lilikuwa limekaa wazi siku nzima: mawakala wote wa kubuni walikuwa wamepewa cheti kimoja. Wakiwa wachache, mfumo ulivumilia. Wakizidi, ulimwona mtu mmoja akiingia Busia na Malaba kwa wakati uleule, tena na tena, ukaamua cheti kimeibwa, ukakifunga. Mfumo haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa unamzuia mwizi, kama tulivyouagiza.

Na nani alilipanga jaribio hivyo? Ni yeye mwenyewe Mama Gaudencia! Anayeishi mpakani hatashangaa. Hapa kwetu wakala mmoja hubeba karatasi za madereva chungu nzima, na ndugu yake akawa anamsaidia kule Busia kwa jina lilelile, na hakuna anayeona ajabu. Mama aliunda jaribio kwa kufuata maisha anayoyaona kila siku.

"Woi! Kumbe mwizi ni mimi," alisema mbele ya Bwana Omolo na sisi sote. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamtuma mtu akanunue mandazi, adhabu ni adhabu.

Kila wakala wa kubuni akapewa cheti chake, tukarudia. Umati wote ukaingia, mfumo ukasimama imara, ukaguzi ukiwa umewashwa mwanzo hadi mwisho. Tulitaka kushangilia, akatukatiza. Kama sisi tumenaswa na desturi yetu wenyewe, alisema, mawakala wa kweli watafungiwa asubuhi ya kwanza na malori yatalala barabarani. Kwanza aliamuru mfumo uwe unaeleza sababu ya kukataa. Halafu akazunguka ofisi za mawakala, Busia na Malaba, moja baada ya nyingine, kuhakikisha kila karani ana cheti chake.

Hawakumpokea kwa vigelegele. Mzee Okedi, wakala wa siku nyingi, alimlalamikia, "Mama, hii kitu nitatumia na ndugu yangu, haina shida." Alijibiwa hapo hapo, "Basi ndugu yako akuje achukue yake." Walinung'unika, wakachukua. Siku ya uzinduzi malori yalivuka, na hakuna wakala hata mmoja aliyefungiwa nje. Ofisi ya Malaba haikufungwa. Tunaandika makala haya tukiwa ndani yake.

Wiki hii tulimwomba jambo moja la mwisho. Kanuni yetu ni kwamba mtu akiondoka kazini, cheti chake cha kuingilia mfumo kinafutwa siku hiyohiyo. Tulimsihi aache chake, kwa dharura tu, ili siku tukikwama aingie akiwa kwake Busibwabo, katikati ya kuku na mashamba ya njugu, atuokoe. Hata Bwana Omolo alituunga mkono. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akatuita watoto wabaya, akakataa. Amesema atakifuta kwa mkono wake Ijumaa, tukishakula keki. Kwa hiyo Jumatatu, Gaudencia Akeyo akijaribu kuingia, mfumo aliouhatarishia kazi yake utamfungia nje kama mtu mwingine yeyote, na yeye atakuwa ndiye mtu wa kwanza kufurahi.

Mama, asante. Asante kwa kelele, kwa ukali, na kwa siku ile uliyokataa kusema uongo hata kwa ajili yetu. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya, njugu zikubali na mwewe asahau njia ya kwako. Tukikwama hatutakupigia simu. Tutakaa chini, tutafute kosa, na tukigundua ni letu, tutalisema kwa sauti.

Quinton Ogweno, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Malaba na Busia