Mama Mmoja na Majengo ya Serikali

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mhandisi wa majengo ya serikali, ambaye mafundi walimpachika jina la Mama Mmoja. Si kwamba alikuwa na mtoto mmoja, alijaliwa wanne. Jina lilitokana na wimbo wake wa kila siku: "Serikali ni moja, ijenge kwa utaratibu mmoja."

Alipoajiriwa, kila mwamba ngoma alivutia kwake. Idara ya afya ilijenga kivyake, ya elimu kivyake, mahakama nazo kivyao. Siku za mwanzo alipelekwa kwenye wodi mpya, akakuta kitanda cha mgonjwa hakipiti mlangoni. Ng'ambo ya ukuta, mkandarasi yuleyule wa wodi alikuwa akiijengea idara nyingine ofisi zenye milango mipana ajabu.

"Hivi hawa hawaulizani?" alimwambia dada yake jioni. "Na wote tunapanda ngazi moja kwenda kazini!"

Basi akaanza kuzunguka, ofisi kwa ofisi. Alibembeleza, akatania, akagomba. Miaka ikapita. Hatimaye idara zote zikakubali: hakuna jengo la umma litakalofunguliwa kabla ya kikosi cha pamoja kulikagua. Narudia: hakuna jengo bila ukaguzi. Mama Mmoja ndiye aliyekabidhiwa kikosi hicho. Dada yake anasema siku hiyo alirudi akicheza tangu mlangoni, viatu vimejaa saruji.

Furaha haikudumu. Alikuja mkurugenzi mpya wa majengo ya serikali, akaanza kutoa ruhusa za pembeni. Leo idara hii ina dharura, kesho ile ina mgeni mkubwa wa kukata utepe.

"Bosi," Mama Mmoja alimwambia kikaoni, "wahenga walisema tuzibe ufa. Nyinyi mnaupaka rangi."

Watu walicheka. Mkurugenzi hakucheka.

Ikafunguliwa shule moja, kwa shangwe, bila ukaguzi. Mama Mmoja alifika na kikosi chake, akazuiwa getini. Mvua zilipoanza, ukuta wa darasa uliwaangukia wanafunzi. Watoto wawili walifariki. Wawili, wasikilizaji wapendwa. Mama Mmoja alifukua kifusi kwa mikono yake.

Kesho yake mkurugenzi alimwita. "Dada yangu, sema mlikagua, mkandarasi akawadanganya. Tutakulinda."

"Sikukagua. Mlinizuia getini."

"Utajuta."

"Nimeshajuta. Ningelilala pale getini nisiondoke."

Hata hivyo, lawama ilitua kichwani kwake. Ilitangazwa kwamba mkuu wa ukaguzi amewajibishwa. Akahamishiwa chumba cha viti vilivyovunjika, hana kazi, hana wa kumsalimia. Siku moja sokoni, mama wa mmoja wa wale watoto alimtemea mate miguuni. Binti wa Mama Mmoja alikuwepo.

"Nilitaka kumrukia yule mama," anasema binti huyo. "Mama akanishika mkono. Akaniambia, 'Mwache, mwanangu. Ana uchungu, na mimi ndiye mkosaji aliyeonyeshwa.'"

Hakujitetea hadharani. Presha ikampanda, moyo ukachoka, na wiki iliyopita akatutoka.

Mazikoni, mkurugenzi alisimama kuzungumza. "Utaratibu aliotuachia," alisema, "tunaufuata mpaka leo." Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mtu ambaye hawezi tena kumjibu.

Dada wa marehemu, mshonaji mpole asiyezoea kusema mbele za watu, akanyanyuka. "Samahani, mheshimiwa. Ile zahanati mnayoifungua Jumamosi, nani ameikagua?"

Mkurugenzi alitazama saa yake.

"Nani?" dada akarudia.

Watu wakaanza kurudishia udongo.

Kwa dada wa marehemu, kwa watoto wake wanne, na kwa wazazi wa wale wanafunzi wawili: poleni. Pole haijengi ukuta, tunajua, lakini pokeeni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wengine mnatusikiliza mkiwa wodini, darasani, kwenye foleni za ofisi. Inueni macho mtazame dari iliyo juu yenu. Muulizeni mhusika ni nani aliyeikagua. Muulizeni kwa sauti. Jumamosi ni keshokutwa.