Bangili Mbili za Nereida

Pale Verón, nyuma ya mahoteli yote ya ufuko wa Bávaro, kuna benchi nje ya duka la kahawa la doña Milagros, yaani Bi Milagros. Limekaliwa mpaka limeshika umbo la makalio ya wenyewe. Kahawa yake unapewa kwenye kikombe cha plastiki kidogo kama kizibo, lakini ukinywa viwili unasukuma basi mlimani na abiria wake. Ijumaa ile, saa nane mchana, Eligio alikuwa na cha tatu mkononi na hasikii utamu. Mkewe, Nereida, alikuwa anastaafu siku hiyo baada ya miaka ishirini na miwili ya kutandika vitanda vya hoteli. Zawadi yake: siku mbili akae palepale kama mgeni, yeye na mumewe. Asubuhi Eligio kakataa. Eti mtu aliyekwea minazi ya ufuko ule kabla hoteli hazijazaliwa haendi kufungwa bangili ya plastiki ya wageni mlangoni. Maneno tu hayo. Kijiwe kizima kinamwita Papa, yule wa baharini mwenye meno, maana miaka thelathini amewaambia anaogelea kuliko samaki. Na Eligio hajui kuogelea. Hata kidogo.

Cuquín, dereva wa pikipiki, ndiye aliyeanza.

— Leo mabasi arobaini yametoka uwanja wa ndege, yamejaa watalii weupe kama unga. Hivi wanafuata nini hasa huku kwetu?

— Jua, bwana, akasema Profesor, aliyeacha shule darasa la tatu ila anavaa miwani. Kwao jua linakuja siku mbili kwa mwaka, tena linapiga hodi. Hawa wanakuja kuchaji. Kwa nini unadhani wanalala chali? Betri iko tumboni!

— Acha fiksi, akakatiza Cuquín. Ni lile paa la makuti pale uwanja wa ndege. Mtu katoka kwenye zege lake, anashuka kwenye ndege anapokewa na kibanda kama cha bibi yake. Analia! Na akishalia, umemshika.

Doña Milagros akatoa kichwa dirishani.

— Nyie wanaume! Ni bangili. Ukishavalishwa unakula bure mpaka waje kuikata na mkasi. Hata mimi ningevuka bahari.

Wakamgeukia Eligio. Moyo ulikuwa mzito, lakini mdomo wake haujawahi kumsubiri.

— Mnabwabwaja. Ufuko ule nimeukuza mimi. Mtalii wa kwanza alikuwa mama mmoja Mjerumani, kaja na kindege kidogo kama friji. Nikamvunjia nazi kwa meno. Akasema laiti ingekuwa na barafu! Nikajitosa, nikaogelea mpaka kisiwa cha Puerto Rico, nikamletea.

— Haikuyeyuka? akauliza Profesor.

— Kwa mwendo wangu ule? Ilikuwa bado inatoa moshi! Kaenda kwao, kasimulia. Jumatatu iliyofuata ndege zimepanga foleni angani.

— Mwaka jana ulisema Cuba, Papa, akasema Cuquín.

— Cuba nilipitia wakati wa kurudi.

Walikuwa bado wanafuta machozi ya kicheko basi la wafanyakazi liliposimama. Akashuka Nereida. Bangili ya bluu mkononi, nyingine kaishika. Doña Milagros akamkamulia kahawa ya mwisho, birika likakohoa. Nereida akakaa ukingoni mwa benchi, karibu na mumewe, akavua viatu.

— Sikuja kukubembeleza, Eligio. Basi linarudi sasa hivi. Nataka tu nilale kwenye kitanda ambacho sikukitandika mimi. Ukija, sawa. Usipokuja, nitalala katikati.

— Shemeji, akadakia Cuquín, Papa anaogopa kuwaaibisha wageni kwa kuogelea.

Nereida akamtazama mumewe. Miaka thelathini amelala ubavuni mwa uongo ule na hajawahi kuuamsha.

— Najua, akasema taratibu. Anaogelea sana. Basi niambieni nyie wenyeji: maji yenyewe yana joto au baridi?

Profesor akavua miwani. Doña Milagros akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari.

— Kwani wewe, shemeji, akauliza Cuquín, miaka yote ile...

— Nimeyaona dirishani. Vyumba kumi na sita kwa siku, dirishani.

Wote macho kwa Papa. Akafungua mdomo. Puerto Rico ilikuwa pale, na barafu ilikuwa pale. Lakini tangu aachishwe ziwa, kwa mara ya kwanza uongo ukagoma kutoka.

— Sijui, akasema. Mimi huwa naishia mchangani, Nereida. Siku zote.

Hakuna aliyecheka. Akanyoosha mkono.

— Nifunge. Ila usinikaze kama ndama.

Dereva akapiga honi. Wakaenda wameshikana, viatu kavibeba Eligio. Cuquín akapaza sauti:

— Papa! Na barafu usisahau!

Mlangoni mwa basi Nereida akamnong'oneza:

— Tutaingia mpaka magotini tu.

— Vifundoni kwanza, akasema Papa.