Nywele Ndani ya Mota

Benchi la Kathembo, fundi redio wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, lilivunjika mguu mmoja zamani, na sasa limeegemea gunia la Kosmasi, muuza chumvi ya Kabatoro. Ndiyo maana Kosmasi hujiona mwenye benchi. Kila asubuhi hukaa hapo na Yosamu, mwanajeshi mstaafu wanayemwita Afande, wakipiga soga mpaka birika la kahawa liishe.

Siku hiyo alikuja Marie-Louise, mchuuzi wa vitenge kutoka Beni, na kigari cha plastiki cha kuchezea kilichokwama. Alikuwa amekiona na kukinunua jana yake sokoni, ndani ya lundo la vitu vikuukuu ambavyo hata muuzaji hakujua vilikotoka. Chini yake kulikuwa na herufi C aliyoichora yeye mwenyewe kwa sindano. Kilikuwa cha Chérie, binti yake, aliyempotea miaka minne iliyopita wakikimbia vita, mtoto wa miaka mitano, kigari mkononi.

— Papa Fundi, uifungue. Nataka nisikie tena vile ilikuwa inalia.

Kathembo alifungua skrubu, akatoa mota ndogo kama kidole gumba. Nywele zilikuwa zimejizungusha kwenye chuma chake, zimekaza. Alizivuta kwa kibano, polepole. Zilitoka, zikazidi kutoka, ndefu kuliko kiganja, zimefungwa pamoja na uzi mwekundu wa kusukia.

Kosmasi hakukawia. Ndani ya mota kuna sumaku, alisema, na damu ya mtu ina chuma, kwa hiyo kitu hicho huwavuta watu nywele wakipita tu. Akasogeza gunia lake, benchi likayumba.

— Sumaku gani? Afande alisema. Sikia mimi. Mutu akikufa, nywele yake haikufi. Inaendelea kuota, inatafuta kitu yake.

Kathembo alitamani kumziba mdomo. Yeye aliwaza jambo jepesi zaidi: huenda kigari kilipita kwa mtoto mwingine. Lakini alipomtazama yule mama, aliogopa kulisema.

— Chérie alikuwa kipara, Marie-Louise alisema. Nilimunyoa mimi mwenyewe, kwa matanga ya papa yake. Kesho yake tukakimbia.

Kathembo, asijue la kufanya na mikono yake, aliunganisha betri. Mota ilizunguka juu ya meza, ikalia kwa sauti nyembamba ya mbu. Marie-Louise hakuisikiliza. Alikuwa ameushika ule uzi karibu na macho, akilipapasa fundo.

— Nywele imeota huko aliko, na hii fundo si yangu, alisema. Sasa ni nani anamusuka?

Kosmasi aliinua birika, akalikuta tupu. Kathembo alichomoa betri, na mota ikaendelea kuzunguka kidogo kabla ya kunyamaza.