Riwaya Iliyokaa Juu ya Moto

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Matombo, mbele yangu, Paskalia alimpa Hafidhi, muuza vitabu vikuukuu mjini, riwaya yenye jalada gumu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alitaka kuiuza apate mabati ya jiko.

Hafidhi aliinusa kama mtu anayenunua samaki. "Dada, kitabu hiki mlikisoma au mlikibanika?"

"Kilikaa darini, juu ya moto. Umeona hata tundu moja la mdudu?"

"Mdudu gani atavumilia moshi huo? Mgongo umelegea, na ukurasa wa mwisho haupo. Hiki ni cha kufungia karanga."

"Ukurasa mjomba alisokotea tumbaku. Lakini mwisho naujua."

"Sasa nikimuuzia mteja, nikufungie na wewe kwenye mfuko?"

Tukacheka. Hafidhi akaendelea kutafuta kasoro, ukurasa baada ya ukurasa, kwa bidii ambayo sijawahi kuona mtu akiitumia kukagua takataka. Milima yote ilipita hajainua kichwa.

Gari liliposimama Kilakala, Paskalia alikichomoa kitabu mikononi mwake, akashuka.

Hafidhi akatoa kichwa dirishani. "Dada, kwani mwishoni yule binti wa kitabuni aliolewa na nani?"

"Kitabu kibovu hicho, kaka. Usijisumbue."