Kusaidia kwa Kiingereza

Fundi cherehani alikaa nyuma ya kaka na dada waliokuwa wakigombana, na tangu basi liondoke masikio yake yalikuwa kazini.

“Mama amelazwa wiki nzima, hujanisaidia hata siku moja,” dada alilalamika. Kaka, karani aliyetoka juzi kwenye kozi ya Kiingereza, alinyoosha tai. “Dada, Kiswahili kinatuchanganya. Wenzetu wanatofautisha. Help ni kumwokoa aliyekwama. Assist ni kumpa mkono mwenye kazi yake. Support ni kusimama nyuma yake na kumtia moyo.”

“Na anayemgeuza mama kitandani, akamwogesha, akafua mashuka?”

“Huyo ana-help.”

“Na wewe?”

“Mimi nina-support. Kwa moyo wote.”

Fundi alijiziba mdomo kwa mtandio. Wavivu alishawaona wengi, ila mvivu mwenye kamusi huyu ndiye wa kwanza.

“Basi leo shuka uka-assist,” dada alisema. “Kutwa anakuulizia wewe. Mimi hata hanioni.”

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Dada aliteremka peke yake. Kaka alifungua dirisha, akapaza sauti: “Mwambie mama tuko pamoja!”

“Nimwambie kwa Kiingereza,” dada aliuliza kutoka chini, “au kwa Kiswahili?”