Siku Niliyokubali Kwamba Sifai Kulea

Kina mama na ndugu zangu, asanteni kwa nafasi hii. Miaka miwili nimekuwa nikiketi pale nyuma karibu na mlango, nikiwasikiliza mkisimama na kusema yenu. Leo miguu imenileta mbele yenyewe. Majina sitataja. Wengine ninaowasema wako humu ndani, na wakitaka watajitaja.

Nilikuwa fundi wa kushona mapazia katika duka moja kule Karen. Tulipanga nyumba Mutuini, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Mimba ya pili ilifika miezi tisa bila shida, lakini mtoto akazaliwa hana pumzi. Mvulana. Nilimshika kidogo, bado ana joto langu, kisha nesi akanyoosha mikono, nikampa.

Baada ya hapo, ndugu zangu, sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyezama kwenye maji ya uvuguvugu. Watu wakiongea niliona midomo, maneno yakanifikia baadaye. Asubuhi za Julai ukungu ulishuka juu ya ile nepia, nami nikasimama mlangoni nikiutazama. Nikigeuka, ni saa sita mchana, uji umeganda kwenye sufuria, na mtoto hajaenda shule. Na nawaambia ukweli, sikuona vibaya. Nilisikia raha. Hiyo raha ndiyo iliyokaribia kutumaliza.

Baba ya mtoto alikuwa akilia chumbani, nami nikimsikia kama redio ya jirani. Siku moja akaniambia, "Nimebaki peke yangu kwa hii nyumba. Wewe haupo."

Nikamwambia, "Niko."

"Uko wapi?"

Nikarudi mlangoni kutazama nepia. Alihamia kwa mama yake Waithaka. Alitaka kwenda na mtoto, mtoto akakataa kuniacha.

Sasa kuna siku moja ya Oktoba ambayo niliipenda kuliko zote. Kazi nilikuwa nimeacha, nikaenda na binti yangu Karen kurudisha ufunguo wa duka. Tukirudi tulilala kwenye nyasi chini ya mjakaranda. Maua ya zambarau yalikuwa yakituangukia polepole. Binti yangu alicheka, akanipangia maua kifuani, jua likapita kwenye majani kama maziwa kwenye chujio. Kisha tukatembea pamoja hadi nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyoikumbuka. Hata leo nikifumba macho naiona hivyo.

Mwaka mpya ulipoanza nikaletewa karatasi za korti. Baba ya mtoto anaomba apewe binti yetu kwa sababu mimi sifai kulea. Dada yangu alisafiri kutoka magharibi, akaketi kitandani kwangu akanipanga la kusema. "Kataa kila kitu. Sema yeye ndiye aliyekimbia nyumba. Hakuna korti itamnyang'anya mama mtoto wa kike."

Basi tukaenda mjini. Chumba kilikuwa kidogo, si kama vile mnaona kwenye runinga. Shahidi wa kwanza alikuwa jirani yangu, mama tuliyetumia naye kamba moja ya kuanika nguo. Aliongea akiangalia mikono yake.

"Mtoto huja kwangu kuomba chakula. Nikimwambia aamshe mama yake, anasema hataki kumsumbua. Siku moja nilimpata amepanda stuli, anajaribu kuwasha jiko la gesi."

Hakimu, naye ni mama, akamuuliza, "Na mama yake ulimwambia?"

"La, Mheshimiwa. Niliogopa kuingilia."

Nilikuwa tayari kukataa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Ndipo baba ya mtoto akatoa picha.

Ni ule mjakaranda. Mimi nimelala chali, mdomo wazi, kiatu kimoja hakipo. Binti yangu ameketi kando yangu, amevaa sweta juani, mikono yote miwili imeshika pindo la rinda langu. Hacheki. Anaangalia barabara. Sketi yake imelowa, kwa sababu hakutaka kuniacha hata aende haja. Na mbele yake kuna mawe matano, yamepangwa mstari.

Baba yake akaeleza. Jirani alikuwa amempigia simu kwamba hatujarudi, akatutafuta hadi saa kumi, akatupata hivyo, akapiga picha. Alipomuuliza mtoto mawe ni ya nini, mtoto akamwambia ni ya kufukuza mbwa wasije wakaniuma. Na yeye ndiye aliyetubeba kwa gari la rafiki yake hadi nyumbani. Mimi, ndugu zangu, nilikuwa nikiapa moyoni kwamba tulitembea.

Hakimu akaniuliza, "Mama, unasema nini kuhusu hii picha?"

Nilimwona dada yangu akitikisa kichwa. Nikasema, "Mheshimiwa, hii siku naikumbuka tukicheka."

Nikaiangalia tena ile picha.

"Lakini naona huyu mtoto amekuwa askari wangu. Ni kweli yote waliyosema. Kwa vile nilivyo, sifai. Mpe baba yake."

Na hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu hospitali. Nililia kwa sauti ya mtu anayejifungua. Baba ya mtoto aliinamisha kichwa kwenye meza, naye akalia.

Hakimu aliamua binti yetu akae na baba yake, mimi nimwone kila Jumamosi kwa bibi yake kule Waithaka, mtu mwingine akiwepo, na nitafute matibabu. Lakini alisema maneno mawili niliyoyashika: "Kwa sasa."

Nje, jirani alikuwa ameegemea ukuta, anaogopa nitamtusi. Nikamwambia, "Ulisema kweli." Akanishika mkono. "Kesho asubuhi nakupeleka kliniki. Na sitaki kusikia hapana." Alinipeleka kesho yake, na kila wiki baada ya hiyo. Ndiye pia aliyenileta kwenu.

Jumamosi zile hazikuwa rahisi. Bibi aliketi akichambua maharagwe, binti yangu akaketi mbali. Alipoanza kunikaribia, hakufumba macho. Nikipiga miayo tu, anasimama. "Mami, usilale." Mtoto wa miaka saba, jamani. Dawa zilikuwa zinanirudisha, naye bado alikuwa kwenye zamu.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua, mabati yakinguruma. Nilikuwa namsuka, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Akaniuliza, "Ukisikia usingizi utaniambia?"

"Nitakuambia."

Akalala. Mguu ulikufa ganzi, sikusogea. Bibi yake akaja na shuka, akatufunika wote wawili, akarudi kwa maharagwe yake.

Mwaka uliofuata afisa wa watoto alikuja kwangu, akafungua hadi kabati la vyombo, akaandika ripoti yake. Siku hizi binti yangu yuko nami siku za shule, na wikendi yuko Waithaka. Mimi na baba yake hatukurudiana, lakini tunapigiana simu bila kugombana.

Nawashukuru nyinyi, kwa chai na kwa kutonihurumia sana. Namshukuru bibi, na daktari, na jirani. Na namshukuru mtu aliyenipeleka kortini. Najua wengine wenu mnamchukulia kama adui yangu. Angeninyamazia kwa huruma, sijui kama leo ningekuwa na binti.

Nina moja tu la kuwaachia. Ukimwona mwenzako anatembea, anasalimia, lakini unaona kabisa hayupo, mbishie hodi. Ingia. Uliza mtoto amekula nini. Usingoje uitwe shahidi.