Mlima wa Julai

Gari letu lilikuwa likipanda kwenda Darjeeling, mji wa milimani India, kwenye mvua, na Phulmaya, mchuma chai wa kwetu, alikuwa akimsema mgeni wa Kolkata aliyekuja na mama yake. "Julai, kaka? Mlima wa theluji utauona wapi na ukungu huu? Si ungengoja Oktoba! Kwani mlima utakimbia?"

"Macho ya mama ndiyo yanayokimbia," mgeni alinong'ona. "Daktari anasema hayatafika Oktoba."

Phulmaya akavua shali yake, akamfunika mama magoti.

Gari likasimama, udongo ulikuwa umeporomoka barabarani. "Tumefika?" mama aliuliza. "Mlima uko wapi?"

Phulmaya akamshika kidevu, akamgeuza uso dirishani, kwenye ukungu mtupu. "Ule pale, mama."

Mgeni akatazama viatu vyake.

"Jamani," mama akasema. "Kumbe mkubwa hivi!"